Nyamizi na Jani la Tatu

Paukwa!
Pakawa!
Nisimulie au ninyamaze?
Simulia, tumeshakaa!
Basi sogezeni vigoda. Anayetaka kusinzia akae karibu na mlango.

Hapo zamani za kale, moto ulipita katika misitu ya Unyamwezi ukala kila kichaka. Nyuki wakahama. Wakati huo aliishi mjane mmoja, Nyamizi, na binti yake wa pekee, Kalunde. Mtoto alikuwa mgonjwa. Kila alicholishwa alikitapika, isipokuwa maji ya asali, na asali iliyobaki ilikuwa kibuyu kimoja tu.

Nyamizi akaenda bondeni, walikokimbilia nyuki, akampigia magoti malkia wao. Malkia akampa mbegu za maua ya mwituni.

"Panda, palilia, ngoja," akasema. "Yakichanua tutarudi. Yasipochanua, usitutafute."

Sasa sikilizeni. Nyamizi alikuwa hodari wa palizi. Shamba la mtama aliloliingia asubuhi, adhuhuri lilikuwa safi kama uso ulionawa. Lakini maua! Nani aliwahi kulima maua? Mtu hulijua ua likiwa limeshachanua. Utoto wake hakuna aliyeuona.

Akapanda, mvua ikanyesha, mimea ikachipua. Mingine ilikuwa myembamba, mingine ina majani mapana mawili mawili. Mtama huota mwembamba, na magugu yake huota mapana. Basi Nyamizi akainama, akaanza kung'oa ile mipana.

Kwale alikuwa pembeni mwa shamba. Akamwuliza, "Mama Kalunde, unang'oa nini?"

"Nang'oa magugu."

"Umeyajuaje?"

"Mkono wangu unayajua."

"Ngoja jani la tatu. Majani mawili ya kwanza hayataji ukoo."

Nyamizi akang'oa. Jioni mtoto akauliza, "Mama, yameota?" Akajibiwa kwamba yameota.

Siku ya pili kwale akauliza, "Mama Kalunde, unang'oa nini?"

"Nang'oa magugu."

"Ngoja jani la tatu."

"Mwanangu hana siku za kungojea majani."

Akang'oa. Jioni mtoto akauliza, "Mama, yameota?" Akajibiwa kwamba yameota.

Siku ya tatu kwale alipofungua mdomo tu, Nyamizi akamtupia bonge la udongo. Akang'oa mpaka mche wa mwisho, akairundika yote kando ya shamba, akanyoosha mgongo. Jamani, alifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kila ninapoisimulia, kwamba alifurahi.

Jani la tatu likatoka, na la nne. Mimea ikarefuka, ikatoa mashuke. Ilikuwa nyasi. Shamba zima, nyasi tupu. Maua yote alikuwa ameyang'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwenye lile rundo mche mmoja ulikuwa umeshika mizizi tena, ukatoa ua moja la manjano. Nyuki wakaja kama walivyoahidi, wakazunguka shamba mara tatu. Malkia akamwambia Nyamizi kwamba ua moja halilishi mzinga. Wakaenda zao, wala hawakugeuka.

Kibuyu kikakauka. Siku ya kwanza Kalunde aliomba maji ya asali. Siku ya pili aliomba maji. Siku ya tatu hakuomba kitu.

Wakamzika. Mvua ziliporudi, juu ya kaburi kukachipua majani madogo, na wanawake wa kijiji wakaja na majembe kulisafisha, kama ilivyo desturi. Nyamizi akajilaza juu ya kaburi akawazuia.

"Acheni," akasema. "Bado hatujajua ni nini."

Enyi watoto, mkono hodari katika shamba lake ni mjinga katika shamba geni. Usilolijua, lipe muda likuambie jina lake.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka aiache ilipo. Na msinitazame hivyo, mimi sikung'oa kitu. Nileteeni maji ya kunywa, koo limenikauka.