Kwa Nini Picha ya Nakijwa Hushikwa Kichwa Chini

Wageni wanaofika Kwamboza siku ya kufungua maji hushtuka, na wengine hukasirika kabisa. Wanaiona picha ya Nakijwa, mwanamke aliyekuwa mtawala wetu wa kwanza, ikishikwa kichwa chini mbele ya kadamnasi, tena wazee wamevua kofia kwa heshima. Hudhani tumerukwa na akili. Basi tulieni niwaeleze, maana hata nyinyi wenyeji mnaowacheka wageni hamjui mnachokicheka.

Kulikuwa na enzi ambayo mlima huu haukuwa na picha ya mtu yeyote, wala ndiva. Mvua ilinyesha, maji yakashuka bondeni kwa watu wengine, sisi tukabaki na kiu. Nakijwa ndiye aliyewakusanya watu wakachimba ndiva, lile bwawa la kukingia maji ya mlimani. Siku ya kuvunja mwamba, kipande cha jiwe kiliruka kikamchana shavu, akabaki na kovu maisha yake yote. Alipozeeka, mchongaji aitwaye Mbonea aliketi mbele yake siku nyingi akiuchonga uso wake kwenye ubao, kovu na yote, kama alivyomwona. Kazi haijaisha vizuri, Nakijwa akafariki. Siku ya matanga Mbonea akaupaka ubao ule masizi na mafuta, akaukandamizia nguo nyeupe, na uso wa mama yao ukatokea kwenye nguo. Watu waliangua kilio. Katika kilio kile nani angekumbuka kuangalia kovu liko shavu gani?

Miaka ikapita. Mbonea akafa, ubao ukaliwa na mchwa, na waliomjua Nakijwa wakazikwa mmoja mmoja. Ikabaki nguo peke yake, nayo ilikuwa imeanza kuoza kwenye mikunjo. Mzee Senkondo, mkubwa wa baraza, akamwita Nambua, fundi wa kunakshi vyungu, ainakili sura ile kwa rangi juu ya ubao mpya. Kwanza wakamwapisha. Asigeuze hata mstari mmoja, asiongeze, asipunguze, na akishamaliza asiiguse tena. Nambua akaapa, akaiweka kazi ile mbele ya kazi zake zote. Alitumia udongo mwekundu, mkaa na utomvu, na kila jioni aliilinganisha picha na nguo mpaka macho yakamuuma.

Baraza likairidhia. Lakini habari zilikuwa zimefika mbali, na siku ya tatu akaletwa kwa machela bikizee mmoja, Namkunda, binti wa mwisho wa Nakijwa. Alikuwa ameolewa nchi ya mbali, na mama yake alipokufa mito ilikuwa imefurika, hakuweza kuja. Hakumzika, hakumuaga. Jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni tangu ujana wake, na sasa alijua siku zake zimebaki chache.

Walimketisha mbele ya picha. Akainyoosha mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa, kisha akairudisha polepole.

"Huyu siye mama," alisema.

"Bibi, umri umekwenda," Mzee Senkondo akamjibu kwa upole. "Nguo hii ilitoka kwa mtu aliyemwona kwa macho yake."

"Nami nilimshika kwa mkono wangu. Nikilala mapajani kwake, mkono wangu huu wa kulia ndio uliolipapasa kovu lake mpaka nipate usingizi. Kwenye picha yenu mkono huu unakuta shavu zima. Nimekuja kumuaga mama yangu, mwanangu. Nitamuagaje mtu nisiyemjua?"

Nambua alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwonea huruma yule bibi, akajionea huruma na yeye mwenyewe, maana kiapo kilikuwa kimemfunga mikono. Asubuhi yake alikwenda ndivani kuosha vitana vyake vya kunakshia. Mkononi alishika kijiti kilichochongwa ua nchani, anachokandamizia maua kwenye udongo mbichi, na hapo hapo akaelewa. Ua analolichonga kwenye kijiti likielekea kushoto, kwenye chungu hutokea limeelekea kulia. Ubao wa Mbonea ulisema kweli. Nguo ndiyo iliyogeuza. Alipoinama, akaona majini tone la rangi kwenye shavu lake. Akainua mkono kulifuta, na yule mwanamke wa majini akainua mkono wa upande mwingine. Kumbe maji nayo hugeuza.

Akakimbia kumwita bibi, na watu wakamfuata. Pale penye mlango wa maji ndiva ni nyembamba, mtu wa ng'ambo anaweza kupeana mkono na mwenzake. Namkunda akaketishwa ukingoni upande mmoja. Nambua akavuka na picha, akapiga magoti, akaipindua kichwa chini juu ya maji, uso wake ukimwelekea bibi.

Watu walipiga yowe. Kwetu, kiti cha mtawala au picha yake ikipinduliwa, maana yake amefukuzwa, na anayepindua bila amri ya baraza hufukuzwa yeye.

"Nambua! Unampindua Nakijwa?" Mzee Senkondo alifoka. "Iweke chini, ama utoke mlima huu leo hii na usirudi!"

Nambua hakuiweka chini. "Sijageuza mstari hata mmoja, Mzee. Nitatoka. Ila mwache bibi atazame kwanza."

Maji yakatulia. Ndani yake uso wa Nakijwa ulikuwa umesimama wima, unamwangalia binti yake. Namkunda akaunyoosha mkono wa kulia, na kidole chake kikatua juu ya kovu. Uso ukavurugika, akangoja mpaka ukarudi.

"Mama," alisema, "nilichelewa. Mito ilijaa. Nimekuja kukuaga."

Mzee Senkondo akavua kofia yake, akavuka, akapiga magoti kando ya Nambua akamsaidia kuishika picha, kwa kuwa ilikuwa nzito na bibi alikuwa bado hajamaliza. Namkunda alifariki siku ya saba, wakamzika ubavuni mwa mama yake.

Baraza lilikaa kuamua kama picha ichorwe upya. Likakataa, kwa sababu mkono wa Nambua ulikuwa umetii na picha ile ilikuwa imekwisha kuagwa. Ndiyo maana hadi hivi leo kovu la pichani liko shavu la kulia, ingawa Nakijwa mwenyewe alikuwa nalo la kushoto, na hakuna fundi anayeruhusiwa kulihamisha. Kuanzia mwaka ule, kabla maji hayajafunguliwa kwenda mashambani, Nakijwa hupelekwa mlangoni pa ndiva, watu wawili humshika kichwa chini, na yeyote ambaye hakuwahi kumuaga mtu wake hupewa nafasi ya kwanza ya kuinama.

Mwaka huu, nafasi hiyo naiomba mimi.