Kigoda Kimoja Msibani kwa Kihwelo

Hapo zamani, siku ya Jumatano saa nne na dakika kumi asubuhi, karakana ya Mzee Kihwelo ilishika moto na yeye akiwa ndani. Saa nne na ishirini gari la zimamoto lilikuwa limefika mdomoni mwa uchochoro wake. Maji yalimfikia saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa amekwisha kufa.

Mji ulikuwa Lukwambe. Gari lilikuwa jipya, halijatimiza miezi minane. Dereva alikuwa Sajini Stamili, na tangu siku hiyo dakika zile thelathini hazikumtoka kichwani.

Sikilizeni kwanza gari lile lilivyopatikana.

Gari la zamani lilipokufa, halmashauri iliwaandikia zimamoto: Watengenezaji wamebaki wawili. Semeni ninyi mnaolipanda, tununue kwa nani. Lakini leteni jibu moja, hatutaki majibu matatu.

Mtengenezaji wa kwanza aliunda gari fupi, jembamba, la tangi dogo. Wa pili aliunda gari pana, la tangi la lita elfu kumi. Mkuu wa kituo, Inspekta Mbazi, alibandika picha za magari yote mawili ukutani na kupiga msumari chini ya kila moja.

"Kila mtu atundike helmeti yake anakotaka," alisema. "Zikikutana msumari mmoja, naandika barua."

Koplo Lwitiko, mtu wa pampu, hakungoja chai ipoe. Alitundika kwenye tangi kubwa.

"Mwaka jana pale stendi maji yalituishia dakika ya nne," alisema. "Mama mwenye nyumba akaniuliza, mwanangu, mbona mmefunga mpira wa maji? Mabomba ya mji huu yanatoa maji siku mbili kwa wiki. Mimi sitaki kuulizwa tena."

Fundi Hizza alitaka kulijaribu gari fupi kwanza. Likaletwa, likazungushwa uwanjani, bomba la pampu likapasuka. Hizza akaingia uvunguni, akatoka na mafuta usoni na lile bomba mkononi.

"Kitu hiki hapa hakipo wala hakitengenezeki," alisema. "Hadi kije kwa meli, gari litakuwa banda la kuku." Akatundika kwenye tangi kubwa.

Helmeti mbili huku, moja kule. Ile moja ilikuwa ya Stamili.

"Dada, sogeza helmeti tule," Lwitiko alimwambia. "Ubwabwa unapoa."

"Ukilipenda sana tangi lako, kaoge nalo. Wewe kazi yako kushika mpira. Mimi ndiye wa kulipenyeza jumba hilo Uchochoro wa Maseremala."

"Basi kapime," alisema Hizza. "Njia ni ya dereva. Ukirudi useme halipiti, helmeti yangu naihamisha hapohapo."

Hata Lwitiko aliitikia kwa kichwa. Kituoni pale neno la njia lilikuwa la dereva, na halikupingwa.

Stamili alikwenda Jumapili, siku yake ya mapumziko, na kamba yenye fundo kila nusu mita. Uchochoro ulikuwa mtupu, milango imefungwa. Alipima mara tatu. Gari pana lingepita, na nafasi ya kiganja kila upande.

Mzee Kihwelo alikuwa amekaa nje ya karakana yake, juu ya kigoda alichokichonga mwenyewe.

"Sajini, unanipimia jeneza?"

"Nakupimia gari, mzee. Likipita hapa, hutaungua."

"Basi lipite."

Jumatatu Stamili aliihamisha helmeti yake. Barua ikaandikwa.

Lakini ile ilikuwa Jumapili. Siku za kazi maseremala hutoa mali zao nje: vitanda, makabati, milango, safu huku na safu huku. Jumatano ile vile viganja viwili vilikuwa vimejaa mbao. Stamili alipiga honi. Kila mtu alikimbilia chake. Huyu akavuta kabati, yule akaburuta kitanda, uchochoro ukazidi kuziba. Mipira ikaungwa yote, ikaishia karakana ya tano. Ya Kihwelo ilikuwa ya tisa. Wakaanza kubeba vitanda kimoja kimoja.

Gari lilipopenya, halikukohoa hata mara moja. Tangi la Lwitiko lilizima kila kilichokuwa kikiwaka, na karakana kumi na moja zilizobaki zikapona. Bomba la barabarani siku hiyo halikuwa na tone. Hayo nayo ni kweli, na muyaweke akilini.

Sasa, kituo kile kilikuwa na desturi, na mji mzima uliijua. Mtu akifia motoni, yule aliyechelewesha maji huenda msibani, mmoja, helmeti mkononi. Husema neno moja tu: nilichelewa. Helmeti huiacha pale, na hapandi gari mwaka mzima. Hakuna anayemtuma. Hujijua mwenyewe.

Siku ya pili Stamili alichukua helmeti yake. Alipofika getini alimkuta Lwitiko ameshika ya kwake.

"Rudi ndani, kaka," alisema Stamili. "Njia ilikuwa yangu. Nilipima Jumapili."

"Ulipima kwa sababu nilikung'ang'ania. Ungeachwa, ungechagua gari fupi na lingepita. Nilikuwa nazima moto wa stendi."

"Tangi lako limeokoa watu kumi na mmoja."

"Kihwelo hayumo."

Hizza akatokea nyuma yao, helmeti kwapani. Mkononi alikuwa na lile bomba la gari fupi, lililobaki kituoni. Katikati lilikuwa na mshono mpya.

"Nimetoka kwa mchomeleaji wa stendi," alisema. "Amelichomelea mimi nikinywa soda. Soda moja, haikuisha. Mwaka jana nilisema hapa halitengenezeki, na sikumuuliza mtu. Ningeuliza, tangi lingebaki na helmeti moja. Rudini wote wawili."

Inspekta Mbazi alitoka ofisini.

"Desturi ni mtu mmoja," alisema. "Nikiwakosa watatu, moto ukiwaka kesho nani atapanda gari? Chaguaneni."

"Afande, na aliyetaka jibu moja, yeye haendi?" Lwitiko aliuliza.

Inspekta alitoa ufunguo. Kisha akafungua geti.

Walitoka wote watatu. Stamili alitangulia. Njia nzima alisikia maneno mawili: basi lipite.

Walifika saa kumi alasiri. Mjane, Mama Vumilia, alikuwa ameketi mkekani na wenzake. Mbele yake alikuwa ameweka kigoda, kile cha Jumapili ile, kwa ajili ya mgeni wa desturi. Kilikuwa kimoja.

Alizitazama helmeti, ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Niliambiwa atakuja mmoja," alisema.

Stamili alisema, "Nilichelewa." Lwitiko alisema, "Nilichelewa." Hizza alisema, "Nilichelewa."

"Basi mwenye neno hilo akae," alisema Mama Vumilia.

Walisogea wote watatu, wakasimama wote watatu. Kigoda kilibaki wazi. Walioshuhudia wanaishia hapo, nami siwezi kuwapita.

Je, ninyi mliosikia yote, nani alistahili kukikalia?