Digidigi na Beseni la Mzee Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Nina kisa mkononi!

Kifungue tusikie!

Walionawa mikono je?

Wakae mbele!

Na wasionawa?

Wakanawe, watatukuta!

Haya, sogeeni. Na wewe unayechokonoa pua, nakuona.

Hapo zamani za kale, kale sana, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kusonga ugali, palikuwa na kijiji kiitwacho Nyasini. Mkubwa wa kijiji alikuwa Mzee Nyani. Alikuwa na mvi mpaka kwenye nyusi, na akikohoa tu, wote hunyamaza.

Nyasini walikuwa na desturi yao. Kila mwezi ulipoandama, walikula pamoja uwanjani. Kabla ya kula, beseni moja la maji liliwekwa katikati. Mzee Nyani alinawa kwanza. Maji hayakumwagwa. Alifuata Nyati, akanawa humo humo. Akaja Ngiri, humo humo. Akaja Fisi, humo humo, na Fisi mnamjua. Mwenye kwato alinawa kwato, mwenye makucha alinawa makucha. Akishanawa, kila mmoja alijipaka maji yale usoni. Beseni lilipowafikia watoto, maji yalikuwa kama mchuzi wa kunde.

Wao waliyaita maji ya baraka. Walisema baraka za mkubwa hubaki majini, kwa hiyo mdogo kuliko wote, anayenawa mwisho, hupata baraka za kijiji kizima.

Jamani, mdogo huyo alipata nini? Alipata tumbo la kuhara.

Sasa palikuwa na mama mmoja, Digidigi, mwenye miguu myembamba kama vijiti vya ufagio. Digidigi alizaa watoto watatu. Wa kwanza aliharisha, akafa. Wa pili aliharisha, akafa. Akabaki wa tatu, jina lake Tunu. Na asubuhi moja Tunu naye akaanza kuharisha.

Digidigi aliogopa. Lakini alimfunga Tunu mgongoni, akasema, "Wawili nimewatoa. Huyu simtoi." Akaimba, nanyi niitikieni:

Sichoki, sichoki mie,

Hadi Tunu acheze!

Kwanza alikwenda kwenye chemchemi. Akamkuta Nyati amelala ndani ya maji, mzima mzima, na inzi wake. Nyati alipokwenda malishoni, Digidigi alikata miiba, akaizungushia chemchemi. Alibeba mawe, akayapanga. Jirani yake, Bi Kanga, alikuja kumsaidia huku akilalamika kuwa miiba inamharibia manyoya.

Nyati aliporudi akanguruma, "Nani kaniziba njia?"

"Ni mimi, kaka," alisema Digidigi. "Kuoga ukaoge kule chini maji yanakoelekea. Hapa tunachota ya kunywa."

Nyati akamtazama. Digidigi alikuwa hafiki hata kwenye goti lake. Nyati aliona haya kupigana na kitu kidogo hivyo, akateremka chini akanung'unika huko huko. Digidigi akachota maji, akayachemsha, akampa Tunu. Tunu akapata nafuu siku mbili. Siku ya tatu akaharisha tena.

Sichoki, sichoki mie,

Hadi Tunu acheze!

Pili, alitazama vichakani. Mnajua, kina Digidigi tangu jadi huenda haja mahali pamoja. Lakini wenzake wa Nyasini walijisaidia popote haja ilipowakuta: nyuma ya nyumba, kando ya njia, chini ya mpapai wa watu. Inzi walitoka huko, wakatua kwenye ugali.

Alikwenda kwa Ngiri. "Kaka Ngiri, wewe ni fundi wa kuchimba. Nichimbie shimo la choo."

Ngiri akasema, "Leo nimechoka."

Alikwenda mara ya pili. Ngiri akasema, "Njoo kesho."

Mara ya tatu Digidigi hakuomba. Alianza kuchimba mwenyewe kwa vikwato vyake, mbele ya mlango wa Ngiri, vumbi likimwingia Ngiri chunguni. Ngiri akatoka mbio. "Basi, basi! Usiniaibishe mbele ya mke wangu!" Akachimba shimo refu la Digidigi, akachimba na la Bi Kanga, na kwa kuwa majirani walikuwa wakitazama, akawachimbia kijiji kizima.

Fisi peke yake ndiye aliyegoma. "Mimi nijifungie ndani na mavi yangu? Tuna siri gani?" Lakini wenzake walimnunia siku tatu, akajenga cha kwake, tena akakipiga chokaa.

Inzi walipungua. Tunu akanenepa, akaanza kurukaruka. Digidigi akafurahi. Kisha mwezi ukaandama, wakala uwanjani. Tunu, mdogo kuliko wote, akanawa mwisho.

Kesho yake aliharisha kuliko kwanza. Macho yaliingia ndani. Alilia, na kilio hakikuwa na machozi.

Digidigi alikaa mlangoni akamtazama mwanawe. Akajiuliza: Maji nimechemsha. Choo tumechimba. Kimebaki nini? Likamjia beseni.

Alimwambia Bi Kanga. Bi Kanga akashika kichwa. "Shoga yangu, hilo usiliguse! Beseni ni la wazee. Watakutenga, na mtoto mgonjwa mgongoni!"

"Wanitenge nikiwa na Tunu wangu," alisema Digidigi.

Akaenda kwa Mzee Nyani, akapiga magoti. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja na ombi. Siku ya kula pamoja, kila mmoja amiminiwe maji yake mapya, na yakishatumika yamwagwe."

Mzee Nyani alisimama. "Unasema mikono yangu michafu?"

"Sisemi hivyo, mzee."

"Mikono hii imewabariki nyote tangu mlipozaliwa. Umenikosea adabu. Toka!"

Digidigi alitoka. Aliumia sana, lakini hakukata tamaa. Alirudi nyumbani, akapika uji mwepesi, akamnywesha Tunu kijiko kimoja kimoja. Kijiko, anatapika. Kijiko, anatapika. Kijiko, kikatulia. Siku nyingi zikapita hivyo, na Tunu hakuwa wa kupona wala wa kufa. Digidigi alijua kuwa beseni likimfikia mara nyingine, basi.

Sichoki, sichoki mie,

Hadi Tunu acheze!

Siku ya kuandama kwa mwezi ikafika. Digidigi alijaza kikapu pilipili kichaa, zile nyekundu ndogo, akampelekea Mzee Nyani. "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi. Hizi ni za kachumbari ya leo. Lakini mimi sijui iliyo kali na isiyo kali. Nani Nyasini ajuaye pilipili kama wewe?"

Mzee Nyani akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Sifa zilimwingia. Alichukua pilipili moja, akaivunja kwa vidole, akanusa. "Hii kali!" Akachukua nyingine, akaivunja. "Hii baridi!" Akavunja kikapu kizima. Digidigi akamshukuru, akaenda zake.

Uwanjani wote walikuwa wamekaa. Beseni likaletwa. Mzee Nyani akatazama huku na huku. "Watoto wako wapi?"

"Wako kwangu na Bi Kanga, mzee," alisema Digidigi. "Leo wamewapisha wakubwa. Nafasi ya mwisho nitakaa mimi."

Mzee Nyani akanawa, akajipaka usoni. Nyati akanawa, akajipaka usoni. Ngiri akanawa, akajipaka usoni. Fisi naye, mpaka likamfikia Digidigi. Digidigi alijua kilichomo. Akanawa, akajipaka usoni.

"Uwii!" alipiga kelele Mzee Nyani. "Macho yangu!"

"Macho yangu!" alinguruma Nyati.

Ngiri akagaagaa chini. Fisi akalia, na ilikuwa mara ya kwanza Nyasini kumwona Fisi asicheke.

"Nani katia pilipili kwenye maji ya baraka?" alifoka Mzee Nyani.

Digidigi akasimama, machozi yakimchuruzika. "Ni mikono yako, mzee wangu."

Wote wakaitazama mikono ya Mzee Nyani.

"Uliponichagulia pilipili, vidole vyako vilizishika. Ukanawa humu, zikabaki humu. Zikamfika kaka Nyati, zikamfika kaka Ngiri, zikanifika mimi wa mwisho. Pilipili tumezijua kwa sababu zinawasha. Lakini tunachotoka nacho chooni hakiwashi, mzee. Kinapita kimya kimya mpaka kwa mtoto. Wanangu wawili walikaa hapa nilipokaa leo, na wote nimewazika."

Mzee Nyani alijifuta macho kwa mkono wa kanzu. Kisha akauliza polepole, "Na mjukuu wangu? Yule tuliyemzika masika yaliyopita?"

Digidigi alitamani kunyamaza, lakini akamjibu. "Alinawa mwisho, mzee."

Mzee Nyani akalia. Alilia mbele ya kijiji kizima, na kilio kile hakikuwa cha pilipili. Nilimpenda mzee huyu kwa saa ile moja tu, kabla ya hapo sikumpenda.

Kisha alinyanyuka, akalishika beseni, akalipindua. Maji yote yakanywewa na mchanga. Akasema, "Leteni maji ya chemchemi, yaliyochemshwa. Leteni kata na majivu. Na nileteeni Tunu."

Tunu aliletwa, mwepesi kama unyoya. Mzee Nyani, ambaye tangu awe mkubwa wa kijiji alinawa wa kwanza, akapiga magoti mbele yake. Akamsugua vikwato kwa majivu, juu na chini na katikati. Akammiminia maji safi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumbe baraka zangu zilikuwa hivi," alisema.

Tunu alipona. Hakupona siku ile, uwongo sipendi. Alipona polepole, kijiko kwa kijiko, na siku moja akamvunjia mama yake chungu kwa kurukaruka, na Digidigi akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo, Nyasini mdogo hunawa wa kwanza, tena kwa maji ya kumiminiwa, na watoto waliozaliwa baadaye walikua wakazeeka.

Funzo lake, wanangu, ni hili: heshima kwa mkubwa haiondoi uchafu mikononi mwake. Maji ya kunywa yachemshwe, choo kitumike, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka. Na desturi inayoua watoto ibadilishwe, hata kama anayesema ni mdogo wa mwili.

Ngano yangu naitua hapa chini. Mwenye kuipenda aibebe mpaka kwao. Asiyeipenda aniachie, mgongo ninao.