Bastola ya Shoti na Mtoto Asiye na Jina

Sogeeni, na mwenye simu aizime, kwa sababu mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu.

Katika mji wa Chanzige waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Karani Lusajo alizijua kanuni zote za halmashauri kwa moyo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemwalika harusini. Nesi Ghati aliujua mwili wa binadamu kama wewe unavyoujua mfuko wa shati lako. Fundi Shekue, mshona suruali, alikuwa na kipaji cha hasara: akiona mtu anaonewa, miguu yake hutangulia kabla akili haijapewa taarifa.

Wa nne alikuwa Kamanda Majogoro wa mgambo. Huyu hakuwa na kipaji. Alikuwa na kitambi, cheti cha semina ya siku tatu, na bastola ya njano ya shoti.

Asubuhi moja Siwema, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anakaanga viazi karibu na lango la halmashauri, pembeni mwa soko. Kamanda akaja na amri: ondoka sasa hivi.

"Afande, nipe dakika kumi tu mafuta yapoe," Siwema alisema. "Karai hili likinimwagikia tunaungua wawili."

"Nahesabu mpaka tatu," Kamanda akajibu. Inaelekea ndipo hesabu zake zilipoishia. Akachomoa bastola.

"Silaha, afande? Na tumbo hili?"

"Hii si silaha, mama. Ni kifaa cha kutuliza."

Siwema akahisi mtoto akijipindua. Akalikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Mkono wa tatu wa kusogezea karai hakuwa nao.

Dirisha la ofisi likafunguka. "Kamanda! Kanuni ya tisa! Mgambo haruhusiwi kubeba silaha!"

"Kwani wewe Lusajo ni kiziwi? Nimesema kifaa!"

"Kanuni inasema silaha ni chochote kilichoundwa kumwangusha au kumlemaza mtu. Hicho kinafanyaje kazi?"

"Kinarusha vindoano viwili vyenye waya, umeme unapita, mtu anatulia."

"Anatulia akiwa amesimama?"

Kamanda akafikiri. Watu walimwona akifikiri, wakamhurumia. "Anaanguka," akakiri.

Soko zima likacheka, naye akavimba kama andazi.

Dakika ile iliyoliwa na mabishano ndiyo aliyoitumia Nesi Ghati, aliyekuwa anapita kwenda zamu. Yeye alijua shoti ile inavyofanya: misuli yote hukaza kwa pamoja, mtu hukauka kama gogo, akili iko macho lakini mikono haitii, kwa hiyo hawezi hata kujikinga anapoanguka. Akaangalia Siwema angeangukia wapi. Hakubishana na mtu. Alikunja khanga, akalibeba karai likichemka hadi mtaroni, akarudi akalivuta na jiko. Mafuta yalipenya khanga, yakamla viganja vyote viwili.

Kamanda, aliyekwisha kuchekwa vya kutosha, akalenga tumbo. "Moja! Mbili!"

Miguu ya Shekue, aliyekuwa kwenye cherehani yake pale sokoni, ikatangulia, ikamsimamisha mbele ya Siwema Kamanda alipofyatua. Ndoano moja ikamnasa kifuani, nyingine pajani. Kwa sekunde tano fundi alikuwa ubao: aliona kila kitu, alisikia kila kitu, na kilio cha "mama wee" kikamkwama kooni. Akaanguka kifudifudi palepale lilipokuwa jiko. Jino likaenda upande wake, mkojo upande wake. Nesi akamwekea vidole shingoni. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, lakini unakwenda.

Wiki tatu baadaye Siwema akajifungua binti. Baba mtoto, aliyekuwa machimboni, alituma neno: chagua jina wewe. Siwema alishaapa kwamba mtoto atapewa jina la aliyewaokoa, awe somo wake maisha yote. Kwao jina halijali mtoto ni wa kike au wa kiume. Lakini somo ni mmoja, na chumbani wakaingia watatu.

"Aliyepigwa ni mimi," Shekue alisema kwa kithembe kipya. "Mkono huu nilioulalia mpaka leo haujakubali sindano."

"Ungefika saa ngapi, fundi?" alisema Lusajo, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa stoo ya viti vibovu kwa kosa la kusoma kanuni kwa sauti. "Bila maneno yangu angefyatua wewe bado unatunga uzi."

"Na ungeangukia nini?" Nesi akauliza, viganja vimefungwa bandeji. "Leo tungekuwa tunakula fundi wa kukaanga."

Hata Kamanda alituma mjumbe: naye afikiriwe, maana angeweza kubonyeza mara ya pili lakini akajizuia. Siwema akamkaribisha mjumbe uji, kwa kuwa yeye hakukosa, na ujumbe akauacha mlangoni.

Kisha akawatazama wageni wake. Alimwondoa mmoja mawazoni, mtoto akapotea. Akamrudisha, akamwondoa mwingine, mtoto akapotea vilevile. Kadi ya kliniki ilikuwa mapajani, na kesho wanataka jina.

Msimulizi wenu ameliuliza swali hili katika miji mingi, na kote alichoambulia ni chai na ugomvi. Haya, ninyi je? Binti anapiga chafya, kalamu iko mkononi mwa Siwema. Mngemwambia aandike nani?