Mgeni wa Nyuma ya Pazia

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanatandika mikeka sebuleni na kukaribishana kahawa, Bi Nguchiro aliishi peke yake na paka wake mdogo, Kidoto.

Kidoto hakujua kusema. Alijua kulala, kunywa maziwa, na kumsubiri Bi Nguchiro mlangoni kila akitoka sokoni. Basi, hilo lilimtosha Bi Nguchiro. Alimpenda kama pumzi yake.

Shida ilikuwa siku ya Idi. Siku hiyo mlango wa nyumba haufungwi tangu asubuhi, maana anayefunga mlango siku ya Idi huitwa bahili. Na wageni wa Bi Nguchiro walikuwa wakubwa kweli: Mjomba Kiboko, Shemeji Nyati na Shangazi Tembo.

Idi iliyopita, Kiboko alimrusha Kidoto juu na kumdaka, akimrusha tena na kucheka. Nyati akamlisha samaki mwenye miiba, kisha akaipiga ngoma yake, ti-ti-tim, ti-ti-tim, karibu kabisa na masikio yake. Kidoto akachomoka mlangoni, fyuu. Bi Nguchiro alimtafuta mpaka sauti ikamkauka, akamkuta ndani ya mtaro, amelowa, anatetemeka. Akajua kwamba akipotea mara nyingine, huenda asimwone tena.

Idi nyingine ilipokaribia, akawazungukia wageni wake mmoja mmoja, akawaomba wamhurumie paka. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kiboko alimuuliza kama paka naye sasa atafutiwa mlinzi.

Bi Nguchiro akarudi nyumbani, akafikiri.

Asubuhi ya Idi akamweka Kidoto chumba cha ndani. Akafunga dirisha, akaweka bakuli la maji, kibeseni cha mchanga, na kanga yake aliyokuwa ameivaa jana, ili Kidoto asikie harufu anayoijua. Akashusha pazia zito mlangoni. Kisha akaanika vitambaa vidogo vyeupe kwenye kamba ya uani, akafukiza udi, akabandika jikoni uji wa pilipili manga, ule wanaonyweshwa akina mama waliotoka kujifungua.

Akaufungua mlango wa mbele, akaketi kungoja wageni.

Kiboko akafika, du, du, du, mdomo umeshafunguka kwa salamu. Akaona vitambaa. Akanusa uji. Mdomo ukajifunga wenyewe, akavua viatu, akaingia kwa ncha za vidole. Na kiboko akitembea kwa ncha za vidole, wanangu, ni jambo la kutazama.

Nyati akaja nyuma yake. Kiboko akamnong'oneza, na Nyati akaiacha ngoma barazani. Wakala pilau kimya kimya, wakibishana kwa minong'ono ni nani aliyejifungua. Nyati alidhani ni mdogo wake Bi Nguchiro. Wakamuuliza Bi Nguchiro mwenyewe, naye akawaongezea kahawa.

Lakini Shangazi Tembo, aliyefika mwisho, hakuwa mtu wa kuongezewa kahawa. Alisema hawezi kuondoka bila kumwona mzazi, kwani wanaume ndio wanaozuiliwa na pazia, si yeye aliyezaa na kulea. Bi Nguchiro akasema taratibu kwamba ndani wamelala.

"Basi nitamgusa shavu tu," akanong'ona Tembo. Na kabla Bi Nguchiro hajainuka, mkonga ulishapita chini ya pazia.

Mkonga ukapapasa, ukasimama.

"Bi Nguchiro," akasema Tembo polepole, "mtoto huyu ana masharubu."

"Amefuata upande wa babu yake," akanong'ona Kiboko.

"Na mkia."

Nyati akaacha kutafuna. Bi Nguchiro akainamisha kichwa.

"Ni paka," akasema Tembo.

Kiboko akavimba. "Yaani nimebana chafya ya pilipili manga tangu asubuhi kwa ajili ya paka?"

"Mjomba," Bi Nguchiro akajibu kwa upole, "niliwaomba kwa ajili ya paka, mkanicheka. Leo sikuwaomba kitu. Mmenyamaza wenyewe, na nyumba haikuanguka."

Kiboko akafungua domo lake lote angurume. Nyati naye akainuka kufuata ngoma yake barazani.

"Kaeni chini, nyote wawili," Shangazi Tembo akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa. "Amelala juu ya mkonga wangu. Ananguruma kidogo kidogo, na mimi nausikia mngurumo wake mpaka kifuani."

Wakakaa. Nani angembishia Shangazi?

Hakuutoa mkonga wake mpaka jua likaelekea kuzama. Mdomo ulikuwa huru, lakini mkonga ndio mkono wake, kwa hiyo Nyati akawa anamlisha halua kipande kwa kipande, na Kiboko akamshikia kikombe cha kahawa. Kila chafya ilipomjia, Kiboko alikwenda kuipigia uani, nyuma ya vitambaa, kisha akarudi kwa ncha za vidole kuuliza kama bado amelala.

Wanangu, asiyeweza kusema kwamba anaogopa, mwenye nyumba ndiye ulimi wake.