Moto wa Samadi

Sogeeni karibu, maana mwisho wa hadithi hii nawaachia ninyi.

Katika sekondari moja ya milimani Rungwe, Mwalimu Atupele wa sayansi alikuwa na wanafunzi watatu. Sekela aliipenda sayansi hata akasahau kula, lakini kwenye mtihani alishika mkia: kila swali lilimzalia maswali mengine, muda ukamwishia hapo. Ambilikile aliongoza kila muhula, na hakuficha: "Madam, nikimaliza shule sitaki hata kuiona chupa ya maabara." Lugano aliiogopa. Wenzake wakifanya majaribio, yeye alisimama karibu na mlango.

Basi, mtambo wa gesi ya samadi ukafa na jiko la shule likapoa. Mkuu wa shule akasema mwezi ukiisha bila moto, wa bweni warudi kwao. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia.

Fundi alikagua mabomba, akayakuta mazima. Sekela akainama kwenye mdomo wa mfereji unaoleta samadi mtamboni kutoka banda la ng'ombe, akanusa.

"Madam, njoo. Hapa hakunuki samadi. Kunanuka choo cha hoteli!"

Ambilikile, aliyeletwa kwa kubembelezwa, akacheka. "Si ile dawa ya kuoshea banda? Gesi inatengenezwa na bakteria, dawa inaua bakteria. Tumewamaliza. Tutoe uchafu wote, tuweke samadi mbichi, waanze kuzaliana upya."

"Umejuaje?"

"Iliwahi kutoka kwenye mtihani."

Dawa ile aliiagiza Mwalimu Atupele mwenyewe, ili banda linukie vizuri mbele ya wakaguzi.

Kazi ya kubeba samadi kutoka nyumba hadi nyumba aliichukua Lugano. Wengine walichoka, yeye aliendelea. Siku ya kuwasha, mpishi akiwa na kiberiti mkononi, Lugano akapiga kelele: "Mama, subiri!" Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kimelegea, gesi inavuja.

"Kumbe huogopi tena?" Mwalimu akamuuliza.

"Naogopa sana, Madam. Ndiyo maana nimekagua tena."

Walipokaza kiungo na hewa ikawa safi, moto wa buluu ukatulia chini ya sufuria. Hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Ndipo ukaja mwaliko wa kambi ya sayansi, Mwalimu Atupele achague wa kwenda. Nafasi ni moja, na atakayekwenda atasomeshwa hadi chuo kikuu.

"Mpe Ambilikile," alisema Sekela, machozi yakimlengalenga. "Mimi nitafeli hata huko."

"Mimi nikafanye nini?" alijibu Ambilikile. Lakini alikuwa ameutazama ule moto kwa muda mrefu kuliko wote.

Naye Lugano siku hizi, maabara ikifunguliwa, hasimami tena mlangoni.

Asubuhi ya kutangaza jina, shule nzima ilipanga mistari. Mwalimu Atupele akapanda jukwaani, akawatazama watatu wale mmoja mmoja, na kila mmoja akamwona anastahili. Mkuu wa shule akamwambia, "Haya, Mwalimu, taja jina."

Akafungua kinywa.

Msaidieni, jamani. Anayependa, anayejua, au anayeogopa na bado akafanya: ungekuwa wewe, ungetaja nani?