Pamba ya Bi Kidawa, Sindano ya Bi Rehani

Hapo zamani, enzi mawingu yakilala juu ya mapaa, Mwanatumu alijifungua binti. Siku ya sita, kesho yake apewe jina, mtoto akaacha kunyonya. Akawa wa moto, akawa mzito mikononi kama aliyezama katika ndoto ndefu, na Mwanatumu akatoka naye mbio mvuani, kanga moja, miguu mitupu, mkwewe Bi Mosi nyuma yake akitafuna tambuu na kuomba dua.

Mji ule ulikuwa na wajuzi wawili. Bi Kidawa alisoma mate kwa pamba. Bi Rehani alisoma damu kwa sindano. Lakini mtoto asiye na jina alikuwa hachomwi, ulikuwa mwiko: damu ikitoka kabla ya jina, roho huifuata.

Wakaenda kwa Bi Kidawa. Pamba ikapita mdomoni polepole, ikarudi na wekundu. Akainusa, akasema mate haya ni ya mtu mzima, tena mla tambuu.

Bi Mosi akainamisha kichwa. "Nilimtemea baraka mdomoni asubuhi, mwanangu, ukiwa umelala. Ndivyo nilivyobarikiwa mimi."

Mwanatumu hata nafasi ya kukasirika hakuwa nayo. Mdomo ukapanguswa, wakangoja, wakangoja, pamba ikapita tena. Bi Kidawa akasema ndani mna vita, ila mate hayamtaji adui. "Mpelekeni akachomwe. Lawama ya mwiko nitaibeba mimi."

Wakaenda kwa Bi Rehani, naye akaitoa sindano. Akachoma kisigino, tone moja tu, akalitazama kama anayetazama kisimani, akautaja ugonjwa, akachanganya dawa. Mvua ilipoanuka, mtoto akalia, akatafuta titi.

Siku ya saba wakakusanyika, maana mtoto huitwa jina la aliyemwokoa, na jina ni moja.

"Bila pamba yangu," akasema Bi Kidawa, "mngeiogopa sindano hadi mzike."

"Pamba ilijua nyumba inaungua," akasema Bi Rehani. "Sindano ndiyo iliyojua chumba."

Bi Mosi akasema yeye hadai. "Ila ningenyamaza kwa aibu, mdomo usingepanguswa, pamba ingesoma maradhi yangu, na mjukuu angenyweshwa dawa ya kikongwe."

"Usingetema, tusingechelewa," akajibu Bi Rehani.

Mwanatumu akamwinua binti, akasogeza midomo kwenye sikio lake dogo, na jina halikutoka. Je, enyi mnaosikiliza, mtoto aitwe nani: Kidawa, Rehani, au Mosi?